Mwongozo wa Kumtumikia Teria Jijini Nakuru

Pima ukuta wako kabla hujapima mfuko. Urefu waachie wezi. Wewe pima msingi umezama kiasi gani. Teria wa aina ya Jack Russell aliyekomaa ana kimo cha sentimita 25 hadi 30 na uzani wa kilo 5 au 6, na wengi wakimwona hudhani wamepata pambo la sebule. Wamepata mchimbaji. Na Nakuru ndiko kwenye udongo wa kumfaa: majivu na changarawe nyepesi za volkano, udongo ambao mvua za masika zikikolea hujipasua nyufa wenyewe bila kuguswa na jembe. Mwaga zege chini ya lango. Ukiwa na ua wa michongoma, laza seng'enge ardhini kuanzia kwenye mashina kuja ndani, kisha uifukie. Maliza kazi hiyo kabla mbwa hajafika, kwa sababu akishafika atataka kukusaidia.

Halafu mjue unayemleta. Mwaka 1819 kijana John Russell, mwanafunzi wa Oxford kule Uingereza, alikutana na muuza maziwa aliyekuwa na mbwa jike mdogo, mweupe, mwenye madoa usoni. Akampenda papo hapo, akamnunua. Mbwa huyo aliitwa Trump. Russell alikuja kuwa kasisi wa Kianglikana na mwindaji asiyechoka, na hadi alipofariki mwaka 1883 aliendelea kukuza kizazi cha mbwa wa namna ile. Alitaka mbwa mwenye mbio za kufuatana na farasi, mwenye kifua chembamba kinachopenya kwenye shimo la mbweha, na mweupe ili katika purukushani asidhaniwe kuwa ndiye mbweha. Kuua haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuingia gizani peke yake, kumkuta mnyama kwenye maskani yake, na kumbwekea bila kukoma hadi atoke.

Kila kitakachokukera katika miaka ijayo kimo humo. Anachimba kwa sababu alichaguliwa kwa kuchimba. Anabweka kwa sababu kelele ndiyo kazi aliyoandikiwa. Na ukimwita akakutazama, akatafakari, kisha akaendelea na shughuli zake, hajakudharau: babu zake walikuwa chini ya ardhi, mahali ambapo sauti ya bwana haifiki, nao walilazimika kuamua wenyewe. Wasioamua vizuri hawakurudi kuzaa.

Kwa hiyo mpe kazi. Hapa Bonde la Ufa kazi ipo tele. Nenda Njoro, nenda Molo, nenda Mau Narok kwenye mashamba ya viazi na karoti, utaona vichuguu vibichi vya fuko vimejipanga shambani. Fuko hula mizizi na viazi kutokea chini, na mkulima huja kugundua hasara siku ya kuvuna. Wako watu wanaojua kumtega kwa kijiti cha kupinda na kamba, nao hulipwa kwa kila fuko wanayemtoa. Teria akifika shamba kama hilo hahitaji kufundishwa neno. Atasimama, atainamisha kichwa, masikio yatasikiliza ardhi, kisha mchanga utaanza kuruka nyuma yake. Mkubaliane mapema na mwenye shamba ni sehemu gani mbwa anaruhusiwa kuchimba, maana teria akimfuata fuko kwenye mstari wa viazi, watamtia hasara pamoja: mmoja kwa meno, mwingine kwa makucha.

Mjini kazi yake ni panya. Ghala la mahindi, banda la kuku, gunia la chakula cha ng'ombe, kote huko teria ana thamani kuliko mtego. Lakini nyumba yenye teria haiwekwi sumu ya panya. Sumu nyingi zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda; panya aliyekula sumu hupungua mbio, teria humkamata kwa urahisi, na baada ya siku chache mbwa anaanza kutoka damu puani au ndani kwa ndani. Tiba ipo, ni vitamini K, ila inataka daktari wa mifugo, tena mapema. Mwombe na jirani wa ukuta kwa ukuta asiweke sumu. Mwambie una mfanyakazi wa kumsaidia bure.

Weka kibao cha Mbwa Kali langoni. Wageni watacheka wakimwona mwenye kibao akitokea chini ya benchi, lakini kibao hakisemi uongo. Mwizi wa Nakuru haogopi meno tu, anaogopa kelele, na kelele za teria huanza mwizi angali anafikiria. Kinachomwangusha mbwa huyu ni nyama. Wezi hutupa ndani ya ua kipande chenye sumu ya wadudu, wakasubiri. Mfundishe kutokula chochote asichopewa na mkono wa mtu wa nyumbani, na usiku alale ndani.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo mbwa wengi wa Nakuru wanapoteseka. Desturi yetu inajulikana: kuna kibanda cha mbao na waya nyuma ya jikoni, mbwa anafungiwa alfajiri, anafunguliwa watu wakishalala. Mchana kutwa anatazama ukuta. Haoni mtu ila mkono unaosukuma sufuria ya ugali. Usiku anatoka na hasira za mchana, nasi tunasema huyu ni mkali, tumepata mlinzi. Tuliirithi desturi hii kwa hofu ya wezi na tumeipitisha bila kuiuliza swali.

Kwa mbwa yeyote ni dhuluma. Kwa teria ni kumvunja akili. Umemchukua mnyama aliyeumbiwa kutwa nzima ya kazi ukamweka mahali ambapo hakuna kunusa, hakuna kukimbia, hakuna kuamua. Ataanza kwa kubweka saa sita mfululizo, na majirani watakujia. Kisha atatafuna mbao za kibanda hadi ufizi utoke damu. Kisha atazunguka mahali pamoja akifukuza mkia wake, na siku moja ataukamata na kuung'ata kwelikweli. Hapo atakuwa haui panya tena, anamshambulia mtoto anayepita na baiskeli, na utamwita mbwa mbaya. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360, inamlinda mbwa kama inavyomlinda punda. Lakini sheria haitakuja nyuma ya jikoni kwako. Wewe ndiwe uliyeko huko.

Kama huwezi kumwachia teria ua mchana, usimlete. Sina namna laini zaidi ya kulisema hilo.

Mwenye nafasi ya kumwachia atagundua kwamba haihitaji mali. Mtembeze asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, mwendo wa kukutoa jasho. Chakula chake cha mchana kitawanye uani kidogo kidogo, chini ya majani, ndani ya chupa ya plastiki iliyotobolewa, nyuma ya mtungi, akitafute kwa pua. Mtengee kona yake ya kuchimba, mwaga mchanga humo na ufukie mfupa. Atachimba hapo na kuacha sukuma wiki yako, au angalau atagawa muda wake. Teria aliyefanya kazi ya pua kwa nusu saa hulala usingizi wa mtu aliyevuna.

Walio kwenye ploti na nyumba za ghorofa wana mtihani mgumu zaidi. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini, na nyua zinazidi kupungua: palipokuwa na bustani Section 58 au Free Area leo panasimama ghorofa nne. Teria wa ghorofani husikia kila kiatu kwenye ngazi, kila bodaboda, kila mwenye mkokoteni wa maji, na juu ya kila mmoja hukuletea ripoti. Usimpige. Akipigwa kwa kubweka anajifunza kwamba hatua za ngazini huleta maumivu, na kesho atabweka zaidi. Mfundishe neno moja la kunyamaza. Akibweka, mwachie mara mbili tatu, maana ameona jambo na amekuambia. Msogelee, sema neno lako kwa sauti ya kawaida, na akifunga mdomo mpe kipande cha ini la kuchemsha palepale. Rudia kila siku kwa wiki kadhaa. Na kabla ya yote hayo, mwulize mwenye nyumba kama mbwa anaruhusiwa, naye akujibu kwa maandishi.

Majirani wako hawana deni la kumpenda. Bondeni na Shabaab kuna familia za Kiislamu za vizazi na vizazi, na katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee aliyevaa kanzu akielekea swala ya Ijumaa akirukiwa na teria wako mwenye furaha, atalazimika kurudi nyumbani. Fupisha kamba, vuka upande wa pili wa barabara, msalimie mzee. Mbwa hajui dini ya mtu, wewe unajua. Waswahili walisema mchezea mbwa huingia naye msikitini, na lawama waliiweka kwa mchezaji.

Kuhusu jina, chagua fupi la silabi mbili, linalopaa vizuri ukilipigia kelele shambani. Simba na Bosco wameshajaa mtaani. Ukiita mmoja watakuja watano. Wa kwetu anaitwa Chapa.

Chakula cha mbwa wa kilo 6 ni kidogo. Ugali na omena, matumbo yaliyochemshwa, karoti, yai mara mojamoja, vinamtosha kama si mabaki ya mabaki. Lililo kubwa ni unga. Sisi tunaoishi kwenye ghala la mahindi la nchi tuna tabia mbaya: mahindi yakiota kuvu tunasema hayo ni ya mbwa. Kuvu hiyo huzaa sumu ya aflatoksini, ambayo huharibu ini. Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125 huku Kenya, hasa Makueni na Kitui. Sumu inayomwangusha mtu mzima haimbakishi mnyama wa kilo 6. Mahindi yasiyofaa kwa watoto wako hayamfai mbwa wako.

Vitunguu usimpe, hata vile vya kwenye mabaki ya pilau. Chokoleti usimpe, wala zabibu kavu za keki. Mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Mkichinja kondoo Krismasi na mkaona ini au pafu lina malengelenge ya maji, lichomeni au lifukieni kwa kina ambacho teria hakifiki, maana ndani yake mna vimelea vya tegu ambavyo mbwa akivila huvirudisha kwa watoto kupitia kinyesi chake. Maji mpe yale unayokunywa wewe. Visima vingi vya hapa vina floridi nyingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia tuliyoyazoea, na Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilianzisha kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ni matumizi bora ya mfupa ambayo Chapa hawezi kuyakubali.

Mambo ya daktari wa mifugo hayana mzaha. Chanjo ya parvo na ya distemba huanza mtoto akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe wiki 16. Katika kipindi hicho usimshushe sokoni wala stendi. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, na mtoto wa mbwa anayeanza kutapika na kuhara damu anaweza kufa ndani ya siku mbili. Kama ulishapoteza mbwa kwa ugonjwa huo, osha sakafu na vyombo kwa maji ya jiki, na umwulize daktari kabla ya kuleta mwingine.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Duniani ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na sehemu kubwa yao ni watoto. Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza mwaka 2014, na shabaha yake ni 2030. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba. Kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa yeyote, wako au wa njiani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Pilipili, majani wala grisi ya gari haviingii hapo. Panya wa teria kwa kawaida hawana kichaa, lakini mbwa koko na mbweha anaokutana nao huko nje wanaweza kuwa nacho.

Distemba nayo haikomei uani. Mwaka 1994 ugonjwa huu, ulioaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hiyo ni sababu moja ya mbwa kutoruhusiwa katika Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na usimfiche chini ya kiti cha gari ukijaribu. Simba wako humo, na wako umbali mdogo kutoka makochi yetu.

Chui pia wako. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita na baadaye akawa rubani mashuhuri, alisimulia katika kitabu chake cha 1942, West with the Night, jinsi chui alivyoingia usiku na kumnyakua mbwa wake Buller, chotara mwenye damu ya bull terrier, kando ya kitanda chake. Buller aliponea. Alikuwa mkubwa, mwenye misuli; wa kilo 6 angekuwa kitafunwa. Walio karibu na uzio wa hifadhi, upande wa Lanet, wanajua pia nyani, ambao dume lao humpasua mbwa kwa meno. Teria hatakimbia nyani. Hana ndani yake kile kitu kinachomwambia mnyama mdogo akimbie, na ndiyo sababu lazima uwe nacho wewe kwa niaba yake.

Kwa matembezi, basi, kamba. Njia za mteremko wa Menengai zinafaa asubuhi. Harufu za pimbi kwenye mawe yote, upepo, na bonde lote chini. Lakini kwenye majani makavu na mawe ya moto kuna bafe na swila. Swila akimtemea mbwa machoni, mwagia maji mengi, mengi mno, na shuka kwa daktari. Akiumwa na bafe, mbebe. Usimwache atembee, usimfunge kamba kwenye jeraha.

Mkirudi, mpekue kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Nchi yetu ni ya ng'ombe, na kupe wa huku hubeba homa. Ufizi ukiwa mweupe au mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hiyo si kazi ya duka la agroveti bali ya daktari, leo. Na usimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe uliyokadiria kwa jicho. Kipimo cha fahali humuua. Rangi yake nyeupe inapendeza sana asubuhi ya Jumapili, kisha vumbi la Nakuru humpa rangi yake. Kumwogesha mara mojamoja kunatosha. Linalohitaji macho yako ni jua. Tuko karibu kabisa na ikweta, na pua na masikio ya waridi huungua. Mpe kivuli saa za mchana.

Mhasi, dume au jike, isipokuwa una mpango wa kweli wa watoto na wenye nyumba wanaowasubiri. Vijiji vya Rongai na Bahati vimejaa mbwa ambao mtu fulani alisema watajitafutia.

La mwisho ni umri. Teria akitunzwa huishi miaka 13 hadi 16. Ukimnunua mwanao anapoingia Gredi ya 1, mbwa huyo atakuwa bado anachimba mwanao atakapokuwa chuo kikuu. Piga hesabu ya kodi, ya uhamisho wa kazi, ya nani atakayebaki naye mkienda ushago Desemba. Hesabu ikikubali, nenda kamwone. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama wa mtoto huyo na kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari. Asipokuonyesha vyote viwili, rudi nyumbani mikono mitupu.